Kifuniko cha Kioo

Profesa Shekalaghe alijitapa mbele ya wageni kana kwamba jua amelitengeneza yeye. Kipande cha ngozi kilichopakwa mafuta yake ya kuwakinga watoto na jua kilikuwa kimeshinda chini ya taa ya mionzi, na vinasaba havikudhurika hata kidogo. Wageni wakapiga makofi.

Mtafiti mwenzake, Zamzam, alikitazama kisahani chenye ngozi hiyo, akaguna.

"Hukufunua kifuniko, Profesa. Kioo ndicho kilichozuia mionzi."

"Tutazungumza baadaye, dada."

"Baadaye lini? Watoto wakishapakwa?"

Akakiondoa kifuniko, akamsukumia kopo la mafuta.

"Jipake basi, uweke mkono hapa."

Profesa akacheka peke yake. Mkono wake ukaingia mfukoni polepole, na taa ikabaki inawaka, inausubiri.