Kilima Alichokipapasa Sifa

Siku hizi kila mtoto huchanjwa dhidi ya hofu za mababu zake. Chanjo ikimkataa, hupelekwa kituoni kuchanjwa upya, na wengine hurudi hawawajui hata mama zao.

Mimi nilizaliwa kabla ya chanjo, ndiyo maana nachora. Nachanganya rangi na mchanga na majivu, napaka tabaka juu ya tabaka mpaka kilima alichokikimbia bibi yangu kiinuke kwenye turubai.

Jana binti yangu Sifa, miaka mitano, cheti cha chanjo anacho, alikipapasa kilima hicho. Kidole kikasimama penye kinundu.

"Mama, mbona tulimwacha mtoto hapa?"

Siri hiyo bibi alininong'oneza mimi tu. Sijawahi kumwambia mtu.

Leo asubuhi muuguzi kaja kukagua. "Mama Sifa, mtoto hashtukishtuki usingizini?"

"Hata kidogo, dada. Analala fofofo."

Akaandika, akafunga daftari, akamwita Sifa waagane. Sifa akatoka chumbani amevaa viatu, mdoli kambeba mgongoni kwa kitenge changu, kakikaza kwa mafundo mawili.

"Mama, niko tayari. Huyu hatumwachi."

Muuguzi akalifungua tena daftari lake.