Hema Karibu na Njia ya Viboko

"Na fisi?" Somoe aliuliza. "Fisi nao wanafika mpaka hemani?"

Kelvin aliacha kuandika. Katika ofisi yake ndogo ya safari, pale Masasi mjini, watu walizoea kuuliza kama kuna maji ya moto. Hakuna aliyewahi kuwaulizia fisi kwa hamu namna ile.

"Wanapita tu, Mama Yunusi. Wananusa viatu, wanaondoka."

"Alhamdulillahi," Somoe alisema, akaandika "fisi" kwenye daftari lake la ngumbaru.

Aliandika polepole, ncha ya ulimi ikichungulia pembeni ya mdomo. Ulikuwa mwaka wa pili sasa anasoma jioni na watu wazima wenzake kule Mkunya, na hakuna aliyemcheka kwa hilo zaidi ya mumewe. Lakini karatasi ya malazi ya hifadhi ya wanyama ilipofika nyumbani, Baba Yunusi aliigeuza juu chini mara mbili, kisha akamtupia.

"Wewe ndiye msomi. Nenda Masasi ukachague pa kulala, siku mbili. Hela hizi hapa, zitumie zote. Sitaki kuonekana bahili."

Safari hii Somoe alikuwa ameiomba kwa miaka ishirini na saba, baada ya kila swala. Alitaka akae kitini amtazame tembo, na mtu mwingine ndiye amletee chai. Kila msimu korosho zilipouzwa, Baba Yunusi alisema, "Mwakani, inshallah." Mwaka mmoja ikaja baiskeli. Mwaka mwingine akaja beberu, akafa kabla hajafanya kazi iliyomleta. Msimu huu Baba Yunusi alianza kuficha mvi kwa piko, akanunua viatu vyenye ncha, na ghafla safari ikapatikana. Dua hujibiwa. Ila Mwenyezi Mungu hamwulizi mtu kama mpangilio umempendeza.

Na magoti ya Somoe yalikuwa yameanza kulia kama mlango usiotiwa mafuta. Asipomwona tembo mwaka huu, basi tena.

"Sikia mama, nianze upya," Kelvin alisema. Alikuwa amesoma darasa moja na Yunusi, hivyo aliona ni wajibu wake kumwokoa. "Pa kulala ni patatu. Kwanza hoteli, juu kilimani. Kitanda kama uwanja wa mpira. Unakaa verandani, unaona bonde lote, mto, tembo wakinywa maji, mpaka kambi ya mahema kule chini. Darubini wanakuazima."

"Ya pili?"

"Mabanda. Ukuta wa tofali, chandarua, choo ndani. Bei ya katikati."

"Choo ndani," Somoe alirudia, kama aliyepewa habari za msiba. "Ya tatu?"

"Ya tatu ndiyo hiyo kambi. Ya wanafunzi na wazungu walioishiwa. Godoro jembamba kama chapati. Chooni ni hatua sitini, na njiani unapishana na viboko wanaotoka mtoni kwenda kula majani. Nyani wanaiba mpaka nguo za ndani."

Somoe aliandika "nguo za ndani", akapigia mstari.

"Baba Yunusi huamka mara nne usiku kwenda haja," alisema.

"Ndiyo maana nakwambia, chukua banda!"

"Hapana, baba. Hema."

"Na mgongo wake je?"

"Mgongo siku hizi mzima. Amesema mwenyewe, tena mbele za watu."

Kelvin alijikuna kichwa. "Mama, kule kambini hakuna mpishi. Mnapika wenyewe, kuni zenyewe mbichi. Mtu atalia machozi kwa moshi."

"Anayelia atazoea. Mimi nilizoea."

"Hela uliyoleta inawatosha watu wawili kulala hotelini. Wawili, mama! Na chakula juu."

"Najua. Nimejumlisha mwenyewe jana, mara tatu. Mwalimu akanipa vema."

"Sasa kwa nini mteseke? Mungu mwenyewe hapendi mtu ajitese."

"Mungu usimsemee, mwanangu. Huyo mimi naongea naye mara tano kwa siku." Somoe alifunga daftari. "Andika hema. Kama yapo mengi, lile lililo karibu kabisa na njia ya viboko."

Kelvin alihema. Aliwajua watu wa korosho: wana uwezo wa kulalia gunia huku wamefungia mamilioni kwenye pindo la kanga. Alitoa fomu ya hifadhi, akahesabu malipo ya hema la watu wawili, akarudisha mezani kitita kilichobaki. Kilikuwa bado kinene.

"Haya. Getini wanataka majina kamili ya wanaolala humo."

"Fikirini Abuu Nampota," Somoe alitaja. Alisubiri kalamu imalize, akainama kuhakikisha herufi zote zimo. "Na Hajira Stamili, wa Nanganga."

Kelvin aliandika, akatabasamu. "Miaka yote hii nakuita Mama Yunusi. Kumbe jina lako ni Hajira."

"Mimi ni Somoe. Hajira ni bibi harusi, Baba Yunusi anamuoa Ijumaa," alisema, akimsogezea kile kitita. "Na shehe amesema wake tupewe sawa, kwa hiyo niandikie chumba changu hotelini, tarehe zilezile, kile chenye veranda inayotazama kambi. Darubini usisahau."