Barakoa ya Taa Nyekundu

"Usicheke, Bibi, itachomoka," alisema Zulfa, akimfunga bibi yake barakoa ya taa. Mwenyewe huiwasha buluu kwa chunusi zake. Leo, kwa makunyanzi ya bibi, aliiwasha nyekundu.

"Nicheke nini?" Bi Mwanaidi alijilaza kwenye kochi, amenuna. Asubuhi, mbele ya wageni, mumewe alisema uso wake umejikunja kama kanga iliyosahaulika kwenye beseni. Watu walivunjika mbavu. Yeye, kwa mara ya kwanza tangu aolewe, hakucheka.

Mumewe, Mzee Shaame, alichungulia mlangoni. "Zulfa, mke wangu, huyu mgeni nani?"

"Mke mwenzangu, Babu. Anarudi kuwa msichana."

"Basi nimekwisha! Vijana watamchukua." Akapiga magoti kando ya kochi, magoti yakalia kama mlango mbovu. "Binti, naposa. Mali sina. Nina meno manne, na mawili yanataka kuhama."

Mzee akashusha sauti. "Mwanaidi, utani wa asubuhi ulipitiliza. Lakini makunyanzi hayo nimeyaweka mimi, kwa kukuchekesha. Ukiyafuta, nitaanza upya na meno gani?"

Kule darini, mwanga mwekundu wa barakoa ukaanza kutikisika, nayo barakoa ikaanza kuchomoka.