Ukuta Mweupe wa Namkunda

Miaka hiyo kuta za nyumba zilikuwa zinageuka nyeusi mtu akipigwa ndani, na weusi ule hautoki hata upake chokaa. Ukuta wa Namkunda ulikuwa mweupe pe. Majirani wakija humsifu, "Mama Nakijwa, wewe ndiyo umeolewa bwana!" Naye hucheka, akivuta kanga kufunika mkono uliovimba, kwani mumewe alikuwa akimpeleka nyuma, migombani. Alijipa moyo kwamba mtoto hajui kitu.

Jioni moja alimkuta Nakijwa sebuleni akimlisha mwanasesere wake uji wa mchanga. Uji ukamwagika. Mtoto hakufoka. Alimshika mwanasesere mkono, akamwambia kwa upole, "Inuka twende migombani. Hapa tutachafua ukuta."