Kura Zilizobaki

Darasani, msimamizi Zawena alikuwa akiinua kila kura juu, mawakala wa vyama viwili waione, ndipo aisome. Wagombea walikuwa wakikabana koo kwa kura na sanduku lilikuwa bado nusu, redio ya askari mlangoni ilipotangaza mshindi.

Wakala wa mshindi akasimama. "Dada, funga kazi. Wameshamtangaza."

"Na hizi zilizobaki?"

"Hizo za kufungia vitumbua." Akatoka akiimba.

Wakala wa pili alimfuata. Punde moshi wa matairi ukaingia dirishani, na askari naye akakimbia.

Zawena alitumbukiza mkono sandukuni, akatoa kura, akaikunjua. Akaiinua juu mbele ya viti vitupu, akangoja mtu apinge.