Papai Mbele ya Mama Mkwe

Soudi alitema mbegu za papai kiganjani, akazitazama, akazirudisha mdomoni na kuzimeza. Kuna mtu alimwambia mbegu zinayeyusha mafuta. Mounira, aliyekaa mbele yake kwenye kiti kifupi, alizifuata mbegu kwa macho mpaka zikapita koo lake. Hakugeuza macho.

Ulikuwa mwezi wa tatu sasa. Kila asubuhi mwanaume huyu, mnunuzi wa madini kutoka Punia ambaye tumbo lake lilitangulia kuingia mlangoni, alifika kwa Mounira, mtaa wa Kasuku mjini Kindu, kula matunda: papai, nanasi, pamplemusi bila sukari. Mchana majani kidogo ya muhogo, sombe, jioni matunda tena. Ndilo sharti alilopewa alipoleta posa ya Riziki, binti wa pekee wa Mounira. Daktari alishasema tensio yake, presha ya damu, iko juu.

“Mimi nilibaki mujane na mutoto mugongoni,” Mounira aliwaambia wajumbe. “Riziki hatapita njia hiyo. Akonde kwanza, njo tufunge ndoa.”

Wajumbe walicheka. Siku hiyohiyo, aliposikia sauti ya Soudi ikipiga hodi, Mounira alikuwa ameangusha sinia zima la kahawa. Watu wakasema ni furaha ya kuozesha.

Kilichowashangaza ni huko kukaa na kumtazama akila. Kindu hii, mkwe hali chakula mbele ya mama mkwe wake. Wakikaribia kukutana njiani, mmoja hukata kona. Ayoubu, mdogo wa marehemu Bulaimu, mume wa Mounira, aliona aibu mpaka akaja kusema naye.

“Shemeji, acha binti amupelekee sahani. Haya iko wapi?”

“Nikimuacha, atakula mikate kwa siri. Nataka nimuone mwenyewe.”

Na kumwona, astaghafirullah, kulikuwa adhabu. Midomo ilitoa mlio akitafuna. Maji ya papai yalishuka katika mikunjo ya kidevu, akayafuta kwa mgongo wa mkono, kisha akaulamba mkono. Harufu yenyewe ya papai Mounira hakuivumilia tangu vita, mwaka reli ilipokatika na mji ukafungwa. Watu walichemsha mapapai mabichi bila chumvi, asubuhi na jioni, mpaka Kindu nzima ikabaki mifupa, wenye bunduki na wasio nayo. Bulaimu hakuumaliza mwaka ule. Soudi alisema yeye vita vilimkuta Lubumbashi, njaa hiyo aliisikia tu. Aliyasema hayo huku akiomba kipande kingine.

“Mama, nimepunguza kilo kumi na tano,” alijigamba asubuhi moja.

“Kilo haiko kitu. Uso yako ingali imevimba. Kula.”

Riziki alikuwa amekwisha kushonesha nguo za harusi, na alimpenda mtu wake. Jioni hiyo alimfuata mama yake jikoni.

“Mama, unamuchukia?”

“Nachukia papai,” alijibu Mounira, akaendelea kumenya la kesho.

Mwezi wa nne ukaisha. Alhamisi, siku moja kabla ya ndoa, Soudi alikuja amevaa kanzu mpya, nayo inamning'inia. Mashavu yalikuwa yameingia ndani. Taya lililofichwa na mafuta lilikuwa limejitokeza lote, limepinda kidogo upande wa kushoto. Alikuwa na haraka, hakukaa. Alipokea kipande chake cha papai akakila wima, bega limeegemea mlango, mbegu akizitema nje.

Mounira alimtazama kuanzia paji la uso mpaka kidevu, akarudia tena. Mara ya kwanza kwa miezi minne, hakumkatia kipande kingine.

“Inatosha, mukwe,” alisema kwa upole. “Ikala kidogo, nakuletea maji.”

Akapita ukumbini, akaingia jikoni alimokuwa Riziki, akafunga mlango nyuma yake.

“Pita huku nyuma, ukimbie kwa baba mudogo Ayoubu, aje na watu,” alimwambia binti yake. “Sasa amekonda sawasawa na siku ile alipomutoa baba yako hapa mulangoni na bunduki.”