Pindo Lililokwenda Kombo

Nilishona pindo la gauni kombo kwa makusudi, nikampelekea Mama wodini.

Mama ni fundi cherehani. Alipougua, hasira zilimvaa bila sababu: alikatakata nguo za wateja, akanikimbiza na mkasi akiniita mwizi. Sasa dawa zimemtuliza. Ukimwambia kaa, anakaa. Ndugu wote wanashukuru. Mimi nina hamu na mama yangu.

Nikamwekea gauni mapajani. Kidole gumba chake kikatembea juu ya mshono, polepole, hadi pale ulipopinda. Kikasimama.

Mama akasonya, msonyo mrefu kama wa zamani.

“Ndiyo nini hii? Hivi ndivyo nilivyokufundisha, we mtoto?”

Sauti yake ilijaza wodi. Muuguzi akaja mbio.

“Mama, tulia! Dada, sogea nyuma!”

“Mwache, tafadhali,” nikamwambia. “Hii si ile hasira ya ugonjwa. Hii ni yake mwenyewe.”

Mama akanitupia gauni.

“Fumua lote!”

Mkasi hauruhusiwi wodini. Nikakaa miguuni pake, nikafumua kwa meno, naye kaniinamia, anasonya.